Kompyuta iliyosahau mwaka

Najua nimepotea. Wiki mbili sijaandika kitu, na kantini kuna watu wameshaniuliza kama nimedisko. Hapana jamani, sijadisko. Iliyodisko ni kompyuta yangu, na nusura iondoke na mimi.

Kisa chenyewe ni cha kawaida kabisa. Nilipiga Windows upya, ikakubali, siku ya tatu ikagoma kuwaka. Kila hosteli ina kisa kama hicho. Lakini mimi nasoma ualimu wa Historia na Kiswahili, na mtu wa Historia ukimwambia "imekufa" atakuuliza "tangu lini, na kabla ya hapo ilikuwaje?" Swali hilo ndilo lililoniokoa. Kwa hiyo leo mtanivumilia kidogo: tunaanzia chumbani kwangu, tunakwenda Marekani ya zamani, tunapita hapa nyumbani mwaka 1974, halafu tunarudi chumbani. Mwisho wa safari kuna betri ya shilingi elfu moja na mia tano.

Kompyuta yangu ni ya mezani, ya mtumba, imetengenezwa mwaka 2012. Kaka yangu alininunulia Kariakoo nilipoingia mwaka wa kwanza. Ndani yake kuna vitu vya kila mwanafunzi: nukuu, mitihani ya miaka iliyopita, na sinema za Kihindi za rumeti wangu. Na kuna kitu kimoja kisicho cha kila mwanafunzi, nacho ni rekodi 19 za mahojiano ya kazi mradi yangu ya mwaka wa tatu.

Kazi mradi yangu inahusu walimu wa UPE. Kwa wasiojua, Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo mwaka 1977. Watoto wakaja, walimu hawakuwepo wa kutosha. Basi vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakafundishwa ualimu huku wenyewe wakifundisha, kwa masomo ya posta na ya redio. Mtaani jina la "mwalimu wa UPE" likabaki kama utani wa dharau. Mimi nilitaka kuwasikia wao wenyewe, nikazunguka na simu yangu nikirekodi, kila simu ikijaa namwaga kwenye kompyuta na kufuta.

Mzee mmoja alinieleza alivyosimama mbele ya darasa la kwanza akiwa na umri wa miaka kumi na saba, hana hata kitabu cha kiongozi cha mwalimu, anajua kusoma, kuandika na kuhesabu basi. Tuliongea saa moja na nusu. Mwezi mmoja baadaye akafariki. Binti yake akanipigia simu: "Mdogo wangu, nasikia ulimrekodi baba. Hatuna sauti yake popote. Utaweza kututumia kabla ya arobaini?" Nikamwambia, dada yangu, wikendi hii hii nakutumia.

Wikendi hiyo hiyo ndiyo kompyuta ikagoma.

Nieleze nilivyofanya, ili wenye ujuzi wanicheke mapema. Kompyuta ilikuwa nzito mno. Ukibonyeza unakwenda kufua nguo unarudi bado inafunguka. Bumu lilipoingia nikanunua diski ndogo ya SSD ili Windows ikae huko, na diski ya zamani ibaki na mafaili yangu peke yake. Mwanafunzi mwenzangu akaniazima flashi yenye Windows 10. Najua, Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, lakini Windows 11 mashine yangu haiwezi kuikidhi, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Flashi ilipokataa kuonekana, mwenzangu akaniambia niingie kwenye mipangilio ya mwanzo kabisa, pale panapoandikwa Legacy nipageuze pawe UEFI. Nikageuza. Sikuuliza maana yake. Flashi ikaonekana, Windows ikapanda kwenye SSD, nikaifuta ile ya zamani kwenye diski kuukuu, mafaili yangu nikayaacha palepale. Kompyuta ikawa inawaka kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Nilimwita hadi jirani aje kuona.

Usiku wa siku ya pili umeme ukakatika. Asubuhi nikawasha. Ikalalamika kwamba saa haijawekwa, nibonyeze F1 kuendelea. Hilo halikunishtua, maana miezi mingi kila umeme ukikatika ilikuwa inalalamika hivyo, nami nabonyeza F1 maisha yanaendelea. Safari hii nikabonyeza, kikaja kioo cheusi na mstari mmoja mweupe wa Kiingereza unaosema hakuna kifaa cha kuwashia. Nikazima, nikawasha. Vilevile. Nikaipiga kibao kidogo pembeni, kama tunavyofanya redio. Vilevile.

Nikambeba kwa fundi. Fundi hakukaa hata dakika tano. "Sista, hii imekula kwako. SSD imekufa, au Windows haikukaa vizuri. Tuzifomati diski zote mbili, tupige upya, zikae sawa." Flashi tayari alikuwa nayo mkononi. Nikamuuliza, na mafaili ya diski ya zamani? Akasema angalia kama una nakala. Sikuwa na nakala. Nikaomba kompyuta yangu, nikalipia bodaboda, nikarudi nayo chumbani kama mtu anayerudi na mgonjwa aliyekataliwa hospitali.

Sasa hapo ndipo nilipokaa chini nikaanza kujiuliza swali la kitoto: hivi kompyuta ikiwashwa, nani anayeiambia cha kufanya?

Lifikirieni. Kompyuta hufanya kazi kwa kufuata programu iliyo kwenye kumbukumbu yake. Ikizimwa, kumbukumbu hiyo inakuwa tupu. Programu zipo kwenye diski, lakini ili kusoma diski unahitaji programu ya kusomea diski. Na hiyo nayo isomwe na nani? Ni kuku na yai. Waliotengeneza kompyuta za mwanzo walikutana na kitendawili hiki, na majibu waliyoyatoa kwa nyakati mbalimbali bado yamo ndani ya mashine tulizonazo, moja juu ya jingine, kama kuta za nyumba iliyoongezwa vyumba na kila mtoto aliyeoa.

ENIAC, iliyozinduliwa Marekani mwaka 1946, ilikwepa kitendawili hicho. Watu walikuwa wanachomeka nyaya na kugeuza swichi kwa mikono, na kubadili kazi kungeweza kuchukua siku kadhaa. IBM 701 ya mwaka 1952 ilikuwa na kitufe cha kupakia. Ukikibonyeza, mashine inasoma kipande kidogo sana kutoka kwenye kadi yenye matundu, kipande hicho kinaamuru kisomwe kingine kikubwa zaidi, nacho kinaita kingine, mpaka programu nzima imeingia. Hiyo ndiyo siri yote: anza na kidogo sana kinachoweza kuita kikubwa.

Waingereza na Wamarekani wana msemo wa mtu kujiinua juu kwa kuvuta kamba za viatu vyake mwenyewe, yaani jambo lisilowezekana. Mafundi wakaichukua picha hiyo kuelezea mashine inayojiamsha yenyewe. Kiatu hicho ndicho "boot", neno lile lile lililotupa sisi buti la askari. Kwa hiyo fundi wa Kariakoo anaposema mashine "haibuti", anasema, bila kujua, kwamba imeshindwa kujivuta kwa kamba za buti zake.

Mwaka 1975 kompyuta ndogo ya Altair 8800 ilikuwa bado haina chochote cha kuiamsha. Mwenyewe anageuza swichi za mbele, namba moja baada ya nyingine, kila akiwasha. Kuna kisa kinachojulikana cha Paul Allen, mwenzake Bill Gates katika kuanzisha Microsoft. Alikuwa kwenye ndege kwenda Albuquerque kuwaonyesha wenye Altair programu yao ya BASIC, na ndege inakaribia kutua ndipo akakumbuka hawakuandika ile programu ndogo ya kupakia. Akaiandika hapo hapo kwenye kiti. Alipofika akaiingiza kwa swichi, na ikakubali. Mimi nimeshawahi kumaliza swali la semina ndani ya daladala, lakini haya ya ndege ni makubwa.

Bila shaka hakuna mtu atakayenunua kompyuta ya kugeuza swichi kila asubuhi. Jibu lilikuwa kuiandika ile programu ndogo ndani ya chipu isiyofutika umeme ukizimwa. Jina BIOS lilianza kutumiwa mwaka 1975 na Gary Kildall, kwenye mfumo wake wa CP/M. Lakini BIOS iliyoitawala dunia ni ile ya kompyuta ya IBM iliyotangazwa tarehe 12 Agosti 1981. Ilikuwa kilobaiti 8 tu. Prosesa yake, Intel 8088, ilitengenezwa hivi kwamba ikipata umeme tu, inakwenda mahali pamoja pasipobadilika: baiti 16 kabla ya mwisho wa megabaiti ya kwanza. Pale inakuta amri moja inayoielekeza ndani ya BIOS. BIOS inakagua vifaa, kisha inatafuta diski ya kuwashia.

Machi 1983 IBM wakatoa kompyuta ya XT yenye diski ngumu ya megabaiti 10, na DOS 2.0 kuja nayo. Sasa diski moja iliweza kugawanywa, na hapo ndipo ukaanza utaratibu unaoitwa MBR. Ni kipande cha kwanza kabisa cha diski, chenye baiti 512. Baiti 446 ni programu ndogo ya kuamsha. Baiti 64 ni orodha ya vyumba vya diski, visivyozidi vinne. Baiti 2 za mwisho ni muhuri. BIOS haijui Windows ni nini. Kazi yake ni kusoma baiti hizo 512, kuangalia muhuri, na kuikabidhi funguo programu iliyomo. Ikikosa cha kukabidhi, inasema hakuna kifaa cha kuwashia. Haina maana diski imekufa! Maana yake ni kwamba mlinzi amegonga mlango anaoujua, na nyuma ya mlango huo hakuna mtu.

Halafu mwaka 1984 ikaja IBM AT, na hii ndiyo muhimu kwa kisa changu. Zamani mipangilio ya mashine ilikuwa swichi ndogo za kugeuza kwa mkono ndani ya boksi. AT ikaweka mipangilio hiyo pamoja na saa kwenye kumbukumbu ndogo inayolindwa na betri, ili mashine ikumbuke ni mwaka gani na ina vifaa gani hata ikichomolewa ukutani. Betri hiyo bado ipo ndani ya kompyuta nyingi za mezani, duara la kung'aa kama sarafu, inaitwa CR2032, volti 3.

Mtauliza, kwa nini kanuni za kampuni moja zimekuwa kanuni za dunia nzima? Kwa sababu zilinakiliwa. Compaq walitangaza kompyuta yao mwaka 1982 wakiwa na BIOS inayofanya kazi kama ya IBM lakini imeandikwa upya bila kuiba hata mstari. Mwaka 1984 kampuni ya Phoenix nayo ikawa na ya kwake, na ikawauzia wengine. Kuanzia hapo mtu yeyote aliweza kutengeneza kompyuta inayoelewana na ya IBM, na zikaenea mpaka kwenye maduka ya mitumba ya Kariakoo.

Hapa kwetu historia ilienda njia nyingine. Mwaka 1974, mwaka ule ule wa Azimio la Musoma, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kwa hiyo IBM ilipozindua mashine yake mwaka 1981, mzee wangu wa UPE alikuwa tayari na miaka kadhaa ya kufundisha, na kompyuta kwake ilikuwa neno la kusikia tu. Marufuku ilikuja kulegezwa baadaye. Ndiyo maana wengi wetu kompyuta tunaipata kama kitu kilichokamilika, tena kikiwa kimeshatumiwa na wengine. Hatukuziona hatua zake. Tunaona kioo kinawaka au hakiwaki, na kisipowaka tunafomati.

Tuendelee. Ile orodha ya baiti 64 ilikuwa na kasoro iliyojificha. Namba zake zilikuwa fupi, haziwezi kuhesabu zaidi ya terabaiti 2 hivi. Mwaka 1983, kwenye diski ya megabaiti 10, nani angewaza terabaiti? Lakini siku zikafika. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Intel walikuwa wanatengeneza prosesa za Itanium kwa ajili ya kompyuta kubwa, wakaona BIOS ya zamani haiwafai, wakabuni utaratibu mpya kabisa. Mwaka 2005 kazi hiyo ikachukuliwa na umoja wa makampuni, na utaratibu ukaitwa UEFI. Huyu mlinzi mpya hasomi baiti 512 kwa upofu. Anaweza kufungua chumba maalum cha diski, akasoma mafaili yaliyomo, akachagua faili la kuamsha mfumo. Orodha ya vyumba nayo ikabadilishwa, ikaitwa GPT, ambayo kwa kawaida ina nafasi ya vyumba 128, na nakala yake ya akiba huwekwa mwisho wa diski.

Na hapa kuna jambo lililonifurahisha sana. Diski ya GPT, kwenye kipande chake cha kwanza kabisa, bado inaweka MBR ya uongo! Kazi yake ni kuziambia programu za zamani, "diski hii imejaa, ina mwenyewe, msiiguse." Mzee amestaafu lakini kiti chake kimeachwa mlangoni ili wageni wasidhani nyumba ni tupu.

Windows 8 ilipotoka Oktoba 2012, kompyuta mpya zilizouzwa nayo zikaja na UEFI. Lakini watu walikuwa na mamilioni ya diski za MBR. Kwa hiyo miaka hiyo mashine nyingi zilitengenezwa na walinzi wawili ndani ya chipu moja, wa zamani anaitwa Legacy, wa kisasa UEFI, na mwenye mashine anachagua nani asimame zamu. Legacy maana yake ni urithi, kilichoachwa na waliotangulia.

Kompyuta yangu imetengenezwa mwaka gani? 2012. Haya, turudi chumbani.

Saa nne usiku, rumeti wangu ananimulikia kwa simu, nikaiwasha nikaingia kwenye mipangilio. Nikasema leo sibadilishi kitu, nasoma tu, kama ninavyosoma waraka wa zamani. Kitu cha kwanza kuangalia: diski. Zote mbili zimeorodheshwa, SSD na ile ya zamani, kwa majina na ukubwa wake. Basi fundi alikosea, hakuna iliyokufa. Kitu cha pili: tarehe. Ilikuwa imeandika 1 Januari 2012.

Nikabaki nimeikodolea macho. Mashine yangu ilikuwa imerudi siku ya kuzaliwa kwake. Haikusahau mwaka peke yake. Imesahau kila nilichoiambia. Nikashuka kwenye kitu cha tatu, aina ya kuwasha: Legacy.

Kumbe! Betri ilikuwa imeisha siku nyingi. Umeme wa ukutani ukiwepo ndio uliokuwa unaitunzia kumbukumbu, ukikatika inasahau na kurudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na ya kiwandani ni Legacy. Zamani haikunidhuru kwa sababu Windows yangu ya kwanza ilikuwa ya MBR, inayoelewana na Legacy. Ikisahau, inasahau kuelekea pale pale ilipokuwa. Nilichopoteza kilikuwa saa tu. Lakini Windows mpya niliipiga kwa UEFI, SSD ikawa ya GPT. Umeme ulipokatika, mlinzi wa mwaka 1981 akarudi zamu. Akaenda SSD akakuta kiti cha mzee mstaafu. Akaenda diski ya zamani akakuta Windows imeshafutwa. Akasema ukweli wake: hakuna kifaa cha kuwashia.

Nikarudisha UEFI, nikahifadhi, nikawasha upya. Sitawaficha, nilifumba macho. Rumeti ndiye aliyesema, "Imewaka."

Sikugusa kitu kingine kabla ya kunakili rekodi zote 19 kwenye flashi, kisha kwenye flashi ya rumeti, kisha nyingine nikazipandisha intaneti kwa bando la usiku. Asubuhi nikaenda kununua CR2032. Nikachomoa waya wa umeme, nikafungua boksi, nikatoa betri ya zamani kwa ukucha, nikaweka mpya, upande wenye maandishi ukiangalia juu. Nikaweka tarehe na UEFI. Tangu hapo umeme umekatika mara nne, na kompyuta inakumbuka mwaka.

Kwa hiyo, yule ambaye kompyuta yake itagoma baada ya kupiga Windows, afanye hivi kabla ya kumpa mtu ruhusa ya kufomati. Kwanza achomoe flashi zote, maana wakati mwingine mashine inang'ang'ania kuwashia kwenye flashi iliyosahauliwa. Pili aingie kwenye mipangilio aone kama diski zinaorodheshwa. Zisipoonekana, aangalie waya, huenda umelegea. Tatu asome tarehe. Ikiwa imerudi nyuma miaka mingi, amtilie shaka betri. Nne aangalie ni Legacy au UEFI, na akumbuke Windows yake ilipigwa kwa ipi. Vikipishana, mashine haitawaka hata ukipiga Windows nzuri kiasi gani. Na la tano lilipaswa kuwa la kwanza: nakala, jamani, nakala. Mimi nilibahatika.

Simlaumu yule fundi. Angefomati zote mbili, angepiga upya kwa Legacy, mashine ingewaka, na angeapa kwamba aliponya ugonjwa. Kweli ingewaka. Na sauti ya mzee ingekwenda. Dawa inayofanya kazi si lazima iwe imeujua ugonjwa, na hili nadhani ni la kukumbuka hata darasani. Mwanafunzi akishindwa hesabu za darasa la sita, huenda kosa limekaa darasa la pili, mahali ambapo kwa miaka minne alikuwa anabonyeza F1 na kuendelea, na sisi walimu tukimwona anaendelea.

Nimefikiria pia habari ya kuanza na kidogo. Baiti 446 zinaamsha mfumo mzima, si kwa sababu zinajua kila kitu, bali kwa sababu zinajua cha kutosha kumwita anayefuata. Mzee wangu wa UPE aliniambia kitu kinachofanana na hicho, dakika ya arobaini na kitu hivi, alipokuwa anaeleza watu walivyowacheka. Sitayaandika maneno yake hapa, kwa sababu ni ya kazi mradi na ni ya familia yake kwanza.

Rekodi nilimtumia binti yake siku mbili kabla ya arobaini. Alikaa kimya siku nzima, nikaanza kuhisi labda faili halikufunguka. Jioni akapiga. "Mdogo wangu, tumesikiliza wote. Mama amesema turudie pale alipocheka."

Mimi sikumbuki kama alicheka. Nimerudi kusikiliza, na kweli, dakika ya hamsini na tatu.

Haya, nina semina kesho na sijasoma hata ukurasa. Tukutane wiki ijayo, umeme ukituruhusu.